Msiba Katika Nyumba Isiyo na Mtu

Haya hayakutokea enzi za mababu, wala hayakutokea jana. Yalitokea katika mji wa Enzini, na anayetaka kuutafuta mji huo kwenye ramani atachoka bure, ingawa huenda amekwisha kulala huko siku mbili tatu bila kujua.

Mgeni mmoja, jina lake Sikudhani, alifika Enzini asubuhi, na hadithi hii haina haja ya kueleza alifikaje. Alikuwa mshona kofia, mwanamke wa makamo, mwenye vidole vyenye subira na ulimi usio na subira hata chembe. Kwao, ng'ambo ya ghuba, watu walimpenda kwa kofia zake na kumkimbia kwa maswali yake. Muuza samaki akimpitia, atamuuliza samaki huyu kavuliwa wapi, kavuliwa na nani, na huyo nani mkewe hajambo. Tangu utoto alikuwa akisikia kwamba Mtaa wa Kale wa Enzini ndio mtaa mzuri kuliko yote iliyojengwa kando ya bahari, akaweka nia kwamba kabla macho hayajaanza kumdanganya kwenye tundu la sindano, atautembea mtaa ule kwa miguu yake mwenyewe.

Langoni alipokewa na Bwana Mahadhi. Alikuwa mtu nadhifu, kanzu yake imepigwa pasi mpaka ina makali, na kifuani amebandika beji ya shaba iliyotaja cheo chake: Mkuu wa Kutoelekeza Wageni.

"Karibu sana, Bibi," alisema. "Kwetu mgeni hujitembeza mwenyewe. Ramani hii hapa. Chini kuna mstari wa chokaa, ufuate. Kila nyumba ina kibao, kisome. Mstari ukiisha, na matembezi yameisha."

"Na nikitaka kuuliza?"

"Kuuliza nini, Bibi, na kibao kipo?"

"Pengine kibao kimekosea."

Bwana Mahadhi alitabasamu kwa upole wa mtu aliyezoea kuvumilia wageni. "Kibao hakikosei. Nyumba ndiyo hukosea. Ikikosea tunairekebisha."

Akamweleza kwamba wenyeji wa Mtaa wa Kale wanaruhusiwa kumsalimu mgeni, kumuuzia maji na kumwambia jua ni kali. Kumsimulia habari za nyumba ni kosa, kwa sababu kila mtu husimulia la kwake, na mgeni akisikia mambo mawili juu ya nyumba moja hurudi kwao na mashaka. Mji hauwezi kuishi kwa mashaka. Na ili kuhakikisha kwamba hakuna anayemwelekeza, Bwana Mahadhi mwenyewe angemfuata nyuma kwa nyuma, kwa umbali wa heshima.

"Kwa hiyo najitembeza mwenyewe, nawe unanifuata," Sikudhani alisema.

"Ndiyo sheria, Bibi."

Basi wakaenda hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma. Na kweli lazima isemwe: mtaa ulikuwa mzuri. Milango ilichongwa maua na minyororo kwa mikono ya watu waliojua kazi, kuta zilikuwa na ule weupe wa chokaa unaotuliza macho, na kila kichochoro kilipopinda kilileta hewa ya bahari. Sikudhani alisimama mbele ya mlango mmoja akaupapasa kwa vidole, akaona kwamba aliyeuchonga alikosea ua moja pembeni na kulirekebisha kwa jani, kama yeye anavyofanya sindano ikimponyoka. Alifurahi sana. Alihisi amesalimiana na mtu.

Kibao cha kwanza kilikuwa kwenye mnara. Kilisema: *Mnara huu umeinama kidogo upande wa kusini.* Sikudhani aliinua macho. Mnara ulikuwa umesimama wima. Lakini chini yake mafundi watatu walikuwa wakichokonoa mawe ya upande wa kusini kwa patasi.

"Mnafanya nini, wanangu?"

"Jua kali leo, mama," alijibu mmoja wao.

Bwana Mahadhi alisogea. Habari za nyumba hakuruhusiwa kuzisimulia, lakini habari za marekebisho zilikuwa sifa ya mji, na sifa ya mji husemwa. Alieleza kwamba mwandishi wa vibao, wiki aliyokiandika kile, alikuwa amekakamaa shingo, akauona mnara umeinama. Kibao kilipotundikwa ikaonekana mnara haujainama, na tangu hapo mafundi wanauinamisha, kidogo kidogo, wasije wakauangusha.

Mbele yake palikuwa na kisima. *Maji ya kisima hiki ni matamu tangu kale.* Awali hapo hapakuwa na kisima hata siku moja. Kilichimbwa baada ya kibao. Na kwa kuwa bahari iko pale pale, maji yakatoka ya chumvi, ikabidi aajiriwe mtu wa kutia sukari kila kunapokucha. Nyuki walijaa ukingoni. Sikudhani aliyaonja maji yale, akameza kwa heshima, akasema ni matamu kweli.

Kisha kilikuja kichochoro ambacho kibao chake kilisema hapa hunukia karafuu. Humo ilikuwa marufuku kukaanga samaki. Mama mmoja alitoka mlangoni kwake na kikapu cha nguo za kufua, akipita mbio mbio kuelekea kwa dada yake mtaa wa pili, na kutoka chini ya nguo ulichungulia mkia wa samaki changu.

"Jua kali," alisema kabla hajaulizwa.

"Kali sana, mwanangu," Sikudhani alijibu, "nenda upesi asije akaharibika."

Mpaka hapo alikuwa akicheka moyoni. Aliona ana visa vya kutosha kusimulia kwao mpaka mvua za masika. Lakini nyumba ya saba ilimkata kicheko.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, safi, yenye mabaraza ya mawe pande mbili za mlango. Kibao chake cha mbao kilikuwa kikubwa kuliko vyote alivyoviona. *Nyumba ya Binti Ruhani. Tangu alipofariki binti huyu, humu hamjakaa mtu.* Chini ya kibao, mlangoni, palikuwa na ndara za wanawake, jozi kwa jozi, nyingi mno. Ndani kulitoka moshi wa ubani na ile harufu ya karafuu maiti ambayo hakuna mtu mzima asiyeijua.

"Bwana Mahadhi, humu mna msiba."

"Humu hamna mtu, Bibi."

"Na viatu hivi?"

Bwana Mahadhi aliangalia upande wa bahari. "Viatu vipo," alisema. "Watu hawamo."

Mgeni alikuwa na ruhusa ya kuingia nyumba yoyote iliyo kwenye mstari, na Sikudhani hakungoja kubembelezwa. Alivua ndara zake, akaziweka pamoja na nyingine, akaingia. Wanawake walikuwa wameketi mikekani, upindo wa kanga mdomoni, machozi yanatiririka na hakuna anayetoa sauti. Katikati yao alikuwa mwanamke mwembamba wa umri wake, uso umekauka kwa kulia. Ndiye mfiwa, Bi Mwanamize. Mumewe, Mzee Shekue, mpika halua, alikuwa chumba cha ndani, amekwisha oshwa na kuvishwa sanda.

Sikudhani alimshika mikono. "Pole, dada yangu. Mungu akupe subira."

Bi Mwanamize alimtazama kwa muda. "Wewe mgeni," alisema. "Mwenyeji angejifanya hanioni."

"Unaruhusiwa kunisimulia?"

"Kusimulia ni kosa kwa wakaazi. Sisi hatumo, tutakosaje?"

Akamsimulia kwa sauti ya chini. Kibao kile kilikuwa cha gofu la ng'ambo ya njia, ambalo kweli hajakaa mtu ndani yake siku nyingi. Fundi aliyekuja kukitundika alikuja jua limeshakuwa kali, na ukuta wa gofu ulikuwa juani huku wa Shekue uko kivulini. Akapigilia penye kivuli. Shekue mwenyewe alimtolea maji na kisahani cha halua. Siku ya pili Baraza la Vibao lilikuja, likatazama, likajadili, likaona nyumba imekosea. Familia ikaambiwa ichague, ama ihame, ama isiwepo.

"Shekue akasema nyumba ya baba yake haihami. Tukabaki, hatupo." Alijifuta macho. "Mtu huzoea kila kitu, mwenzangu. Anayetaka halua anasimama dirishani, anauambia ukuta, 'Laiti ningepata halua ya lozi.' Anageuka akitazama kwingine, na sahani inatoka. Hakuna arusi ya mji huu iliyokosa halua ya mume wangu, na hakuna aliyeuliza inatoka wapi. Watoto wamesoma kwa jina la nyumba ya shangazi yao. Kuishi bila kuwepo tulikuweza. Kufa bila kuwepo ndiko kumetushinda."

Mzee Shekue alikuwa amekata roho alfajiri. Kaka yake Bi Mwanamize alikwenda kuomba jeneza la mtaa na wachimba kaburi, na mara zote alijibiwa kwa adabu kwamba nyumba ile haiwezi kufiwa, maana haina mtu wa kufa. Sasa jua lilikuwa limepanda. Maiti haingoji, na joto la Enzini halina huruma na maiti.

"Wewe peke yako ndiye unayeweza kitu," Bi Mwanamize alisema. "Mgeni akitamka kwamba nyumba haifanani na kibao, Baraza lazima lije siku hiyo hiyo. Nitakuomba hilo tu. Nataka azikwe leo, kwa jina lake, atoke kwenye mlango wake."

Sikudhani alitoka nje bila hata kuvaa viatu.

"Bwana Mahadhi! Nyumba haifanani na kibao."

Bwana Mahadhi alibadilika rangi. "Bibi, unalalamika rasmi?"

"Rasmi, na kwa sauti, na nitaendelea."

Baraza la Vibao likaja. Walikuwa wazee watano, wakakaa kwenye mabaraza ya nyumba ile ile, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa na kivuli. Mkuu wao aliitwa Jumbe Mwinyikondo, mtu mnene mwenye pumzi fupi, anayesifika kwa kutofanya haraka maishani mwake. Nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka hapo. Majirani nao walijikusanya ng'ambo ya njia, wakijifanya wanasoma kibao.

Mara ikazuka shida ya utaratibu. Bi Mwanamize alikuwa nyuma ya mlango, hatua chache kutoka walipokaa, lakini Baraza halikuweza kumsikia, kwa sababu sauti haiwezi kutoka kwenye nyumba isiyo na mtu. Baada ya kunong'onezana iliamuliwa kwamba mgeni anaweza kusikia, kwa vile yeye hafungwi na kibao, basi akae kizingitini, asikie, na alirudie kwa Baraza kila atakaloona amesikia. Sikudhani akakaa kizingitini. Maisha yake yote alikuwa muulizaji, na sasa amekuwa mdomo wa mtu mwingine. Alijisikia mzito.

Mjumbe wa kwanza alishauri kwamba maiti ihamishiwe nyumba ya jirani, itokee huko. Kwa bahati mbaya kibao cha nyumba ya jirani kilisema humo hamjawahi kulia mtu. Mwingine akashauri marehemu ahesabiwe kuwa mgeni aliyefia matembezini. Bwana Mahadhi alikumbusha kwamba wageni huzikwa kwao.

"Kwao ni hapa," Sikudhani alisema.

"Hilo umelisikia kutoka ndani, au ni lako?" aliuliza mjumbe.

"Ni langu."

"Basi halimo."

Ikapita kitambo. Kivuli cha ukuta kilikuwa kinapungua, na wazee wakawa wanavuta miguu ndani polepole. Kutoka dirishani moshi wa ubani uliongezwa, na kila mtu pale alijua kwa nini unaongezwa, na hakuna aliyesema. Sikudhani aliona aibu kwa niaba yao. Mji mzima umejengwa kwa heshima ya wafu, aliwaza, na mfu huyu mmoja hana wa kumbeba.

Hatimaye mjumbe aliyekuwa kimya, mwenye sauti nyembamba, alikohoa. Alikuwa na wazo, na kwa kipimo cha Enzini lilikuwa wazo jema. Kibao kinasema hamjakaa mtu tangu alipofariki Binti Ruhani. Hakisemi kwamba kabla ya hapo hawakukaa watu. Basi Shekue na awe amekufa zamani, kabla ya binti. Atangazwe kuwa mpika halua wa ikulu ya kale. Jeneza litatolewa sasa hivi, litafunikwa kitambaa cha zari, ngoma kuu zitapigwa, na kaburi lake litawekewa kibao cha marumaru. Kinachotakiwa ni kwamba mwenye sauti ya ndani, kama yupo, atamke kwamba hakumjua marehemu. Mtu hawezi kumjua aliyekufa kabla yeye hajazaliwa.

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Ng'ambo ya njia majirani walishusha pumzi. Bwana Mahadhi alikuwa ameshageuka kuagiza ngoma.

"Mgeni," alisema Jumbe Mwinyikondo, "sikiliza ndani wanasemaje."

Kisha sauti ya Bi Mwanamize ikaja, haikupanda wala haikutetemeka.

"Mwambie Jumbe, mume wangu hakufa zamani. Amekufa leo alfajiri, mkono wake uko mkononi mwangu, ananiuliza kama nimefunga dirisha la jikoni. Nikisema simjui nitakuwa nimemuua mara ya pili, na safari hii mimi mwenyewe. Siwezi. Bora nimchimbie ukumbini kwangu kwa mwiko wa halua."

Sikudhani aligeukia nje. Aliliangalia jua. Aliwatazama wale wazee watano, na akajua kwamba akiyarudisha maneno yale jinsi yalivyo, watakunja miguu, watajadili mpaka magharibi, na mtu yule atalala sandani usiku kucha na kesho yake. Na akijibu neno moja tu, jeneza litakuja. Watasikia atakalosema yeye, hawasikii lingine. Dada wa watu atakasirika, atalia, lakini mumewe atakuwa ardhini, na kesho ni siku nyingine. Huruma ikamshinda.

"Anasema amekubali," alitamka.

"Hakusema hivyo," alisema Jumbe Mwinyikondo.

Neno lilimtoka upesi, kama linavyomtoka mtu anaposikia nukuu imekosewa. Nyuki wa kisima cha sukari walisikika kutoka kule nyuma.

Bwana Mahadhi alisogea hatua moja. "Mtukufu Jumbe... amesikia?"

"Pengine ni upepo," mjumbe mwenye sauti nyembamba alimsaidia. "Upepo wa kusini huwa una maneno."

Mpaka leo watu wa Enzini wanabishana juu ya dakika ile. Wako wanaosema Jumbe aliteleza, kwamba ni uzee na joto. Wako wanaoshikilia kwamba alikusudia, kwamba alikuwa akiitafuta nafasi hiyo tangu siku ya kwanza alipouambia ukuta anataka halua. Sikudhani alikuwa karibu naye kuliko wote, na alichokiona ni mzee aliyeanza kutokwa na jasho usoni, anatazama viganja vyake.

"Upepo hauulizi dirisha la jikoni," Jumbe alisema mwishowe. "Nimesikia. Nimekuwa nikisikia siku zote. Namsikia Shekue akikohoa asubuhi, nasikia mkewe akimgombeza, na siku mtoto wao alipohitimu Kurani nilisikia wakishangilia kwa kunong'ona. Nyote mmesikia. Nani hapa hajasikia?"

Hakuna aliyeinua mkono.

Jumbe alijiinua kwa shida, mkono ukutani. Alivua makubadhi yake, akayaweka kando ya zile ndara. Sikudhani akampisha kizingitini. Na mbele ya Baraza lake na majirani zake, mkuu wa vibao vyote vya Enzini akagonga mlango uliokuwa wazi.

"Hodi."

Bi Mwanamize hakuwa na haraka.

"Nani?"

"Mwinyikondo."

"Mwinyikondo yupi?"

"Wa nyumba ya pili. Jirani yako. Nimekuja kumzika Shekue."

"Ngoja nijitande kanga," Bi Mwanamize alisema. "Kisha ingia."

Yaliyofuata yalikwenda upesi, maana mambo ya mazishi, watu wakitaka, hujiendesha. Jeneza lilikuja kabla halijaitwa mara ya pili. Mafundi wa mnara waliacha patasi zao wakaenda kuchimba kaburi. Mzee Shekue alitoka kwenye mlango wake, na wanaume wakapokezana mabega, kila mmoja akitaka sehemu yake ya thawabu, wengine wakisukumana. Hawakufuata mstari wa chokaa, kwa sababu mstari ule haufiki makaburini. Bwana Mahadhi aliwafuata nyuma kwa umbali wa heshima, kama kawaida yake. Walipofika kwenye mpindo wa njia alionekana anakunja mikono ya kanzu na kuingiza bega.

Mjumbe mmoja alikumbuka kuuliza kibao kifanywe nini. Jumbe alisema kesho, leo tuna maiti. Kesho yake walikaa, na keshokutwa yake, na habari zilizomfikia Sikudhani baadaye ni kwamba bado wanakaa. Kuna kundi linalosema kibao kihamie gofuni, na kundi linalosema hatua kubwa kama hiyo itawachanganya wageni. Mtu asidhani mji hubadilika kwa siku moja.

Sikudhani hakuyamaliza matembezi yake. Alibaki na wanawake, akaosha vikombe, akapepea jiko, na ilipopatikana nafasi alikaa mbele ya Bi Mwanamize akainamisha kichwa.

"Nilikusemea uongo, dada yangu. Niliona jua."

"Nilikusikia," Bi Mwanamize alisema. "Ningekurushia kiatu, ila vyote vilikuwa nje." Akamvuta akae ubavuni kwake, na akawa hapo mpaka jioni.

Wanaume waliporudi kutoka mazikoni, mtaa mzima uliingia nyumba ile, wengine kwa mara ya kwanza tangu kibao. Mikeka haikutosha. Na kwa kuwa watu wa Enzini wamekulia kwenye vibao, mazungumzo yalipoanza walizungumza kama vibao. Mmoja alisema marehemu alikuwa mkarimu asiye na kifani. Mwingine akaongeza kwamba hakuwahi kukasirika tangu azaliwe. Wa tatu alisema mkono wake ulikuwa na baraka, na kwamba halua yake haikuungua hata mara moja. Wakaitikia, wakainamisha vichwa. Sifa zilikuwa zimenyooka vizuri, unaweza kuzitundika ukutani.

Bi Mwanamize alikuwa amejiegemeza, macho yamefumba. Aliyafumbua.

"Hakuwahi kukasirika? Nani, Shekue?"

Alijiinua, akaketi wima.

"Shekue alikuwa na hasira za karibu kama pilipili kichaa. Halua ikimuungulia, na ilimuungulia sana, lawama ni ya kuni, ya sufuria, ya mama yangu aliye kaburini. Alinirushia mwiko mwaka tuliooana, ukanikosa, nusura umpate paka. Halafu akatoka akakaa nje ya mlango, hasemi, haombi radhi, mpaka nilipocheka ndipo akaingia. Na iliki alikuwa mchoyo nayo. Mkarimu wapi!" Machozi yalikuwa yanamshuka naye anatabasamu, na hakuyafuta. "Msimpambe, jamani. Nawaomba. Amekufa leo tu. Mwacheni kwanza awe mtu."